Nyota Tano au Nyota Moja: Nimwamini Nani Kuhusu Babikyu ya Barabarani?

*"Naishi Houston, Texas. Mwishoni mwa Mei mwanangu wa kwanza anamaliza sekondari na tunategemea wageni kama 40 nyumbani. Mume wangu anataka tuagize chakula kwenye trela moja iliyo kandokando ya barabara kuu ya kwenda Beaumont. Wanauza nyama ya moshi pamoja na vyakula vya Louisiana vya kubeba. Nimesoma maoni ya wateja mpaka kichwa kinauma. Mmoja katoa nyota tano, anasema hajawahi kula nyama laini namna ile. Mwingine katoa moja: nyama ilikuwa ya pinki, mbichi. Mwingine anasema mbavu zilikuwa ngumu, gumbo, ule mchuzi wao wa Louisiana, ilikuwa nyepesi mno, na ile soseji yao ya wali ngozi haitafuniki. Kuna aliyefika saa nane mchana akakuta brisketi, kile kidari cha ng'ombe cha moshi, imekwisha. Aliyekwenda jioni anasema alipewa nyama kavu, ya vuguvugu. Na mmoja anadai aliumwa tumbo. Mama mkwe wangu anakuja kutoka Tanga, ana kisukari na presha, na yeye pamoja na nusu ya wageni ni Waislamu. Nimwamini nani? Na je, ni salama?"*

Dada yangu, hongera kwanza. Kumfikisha kijana hapo ukiwa ugenini ni kazi ya nyumba nzima, na ni haki yako kutaka wageni wale washibe bila wewe kushinda jikoni.

Umeuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni kama chakula cha pale ni kitamu, la pili ni kama ni salama. Wateja nao huyachanganya, ndiyo maana kichwa kinakuuma. Mtu akikuta kwenye boksi lake kitu ambacho hajakizoea, hasemi hajakizoea, anasema hakijaiva. Karibu malalamiko yote uliyoyaorodhesha yanaeleza vyakula hivyo jinsi vilivyo vinapopikwa vizuri. Yanayostahili kukusimamisha ni mawili: la aliyeumwa tumbo, na lile uliloandika kwa kupita tu, la nyama ya vuguvugu. Hilo la vuguvugu linanisumbua mimi kuliko la nyama ya pinki.

Tuanze na hiyo pinki, kwa sababu ndiyo inayotisha watu wengi wanaotoka kwetu. Sisi tumelelewa kwamba nyama ikiwa na wekundu bado haijaiva, na kwa nyama ya kuchoma juu ya makaa kanuni hiyo inasaidia. Babikyu ya Texas ni jambo jingine. Nyama haikai juu ya moto. Hukaa ndani ya tanuri la chuma, moto wa kuni ukiwa pembeni, na joto na moshi vikipita juu yake kwa saa nyingi, kwa kawaida kwenye nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi. Kuni zinapoungua hutoa gesi za nitriki oksaidi na kaboni monoksidi. Gesi hizo huyeyuka kwenye unyevu wa juu ya nyama, zikazama kidogo, zikashikamana na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama rangi nyekundu. Mayoglobini ya kawaida hugeuka kahawia ikipata joto. Iliyokwisha kushikwa na gesi hizo hubaki ya pinki hata ukiipika siku nzima. Ndiyo maana unaona mstari wa pinki chini ya gamba jeusi, mnene wa milimita chache, unaozunguka kipande chote, na katikati nyama ni ya kahawia. Wapishi wa huku huutazama mstari huo kwa fahari.

Kuna na hoja nyingine ya kukutuliza. Brisketi ni kidari cha ng'ombe, misuli inayobeba uzito wa mnyama tangu anazaliwa. Imejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazofanya nyama ivutike mdomoni. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka kipande kizima cha nyama ya ng'ombe kifike nyuzi 63 kisha kipumzike dakika 3. Brisketi hutolewa tanurini ikiwa imefika nyuzi 93 hadi 96, mbali sana juu ya hapo. Isipofika huko haitafuniki, na hakuna mteja angeimaliza. Kwa hiyo anayesema alipewa brisketi laini lakini mbichi ameona rangi tu.

Rangi, kwa kweli, si kipimo kabisa. Kuku wa moshi naye huwa na pinki karibu na mfupa akiwa ameiva vizuri, na nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia ndani huku haijafika joto la kuua vijidudu. Kuku anatakiwa afike nyuzi 74, nyama ya ng'ombe ya kusaga 71. Kipimajoto cha jikoni kinauzwa dola chache, na nakuomba ununue kimoja kabla ya sherehe. Utakihitaji, nitakueleza pa kukichomeka.

Sasa hili la nyota tano na nyota moja kwa nyama ileile. Hapa ndipo wasomaji wengi huamua kwamba kuna anayedanganya. Mara nyingi hakuna anayedanganya. Wamekula saa tofauti.

Fikiria siku ya mpishi wa brisketi. Anawasha moto jana yake jioni. Nyama inapanda joto taratibu, halafu ikifika kama nyuzi 65 hadi 75 inagoma. Kwa saa kadhaa kipimajoto hakisogei, kwa sababu maji yanayotoka ndani ya nyama yanavukizwa juu yake na kuipoza, vilevile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Mpishi asiye na subira huongeza moto na kuikausha. Mwenye subira husubiri, au huifunga nyama kwenye karatasi ya bucha mpaka ipite hapo. Baadaye kolajeni inayeyuka na kuwa jelatini, na hiyo ndiyo inayokufanya uhisi nyama ina mchuzi ndani yake. Kazi yote inaweza kuchukua saa 10 mpaka 16. Kisha nyama hupumzishwa kwenye kabati la joto, na trela ikifungua saa tano asubuhi, mteja wa kwanza anakatiwa kipande kilicho kwenye kilele chake.

Anayefika saa kumi na mbili jioni anakatiwa nini? Ikiwa biashara ilikuwa nzuri, hakuna kilichobaki. Ikiwa kimebaki, ni ama kipande kilichokaa kwenye joto saa nyingi, ama kilichokatwa mapema na kuachwa wazi, ama cha jana kilichopashwa. Na kuna pande mbili za kidari: upande mwembamba usio na mafuta, na upande mnene wenye mafuta. Ule mwembamba hukauka upesi sana baada ya kukatwa. Mtu aliyeagiza "isiyo na mafuta" saa kumi na mbili jioni na mtu aliyeagiza ya mafuta saa tano asubuhi wamekula vyakula viwili tofauti kutoka kwa mnyama mmoja.

Kwa hiyo yule aliyelalamika kwamba saa nane mchana amekuta brisketi imekwisha amekupa habari njema bila kukusudia. Nyama inayohitaji saa 16 haiwezi kuongezwa mchana kama chipsi. Jiko linaloishiwa ni jiko linalopika kiasi kinachouzwa siku hiyohiyo. Franklin Barbecue ya Austin ilianza mwaka 2009 kwenye trela kando ya barabara, na mpaka leo inajulikana kwa foleni ndefu za asubuhi na kwa kuuza mpaka nyama iishe. Mwaka 2024 Michelin, wale wanaotoa nyota kwa migahawa bora, walipotoa kwa mara ya kwanza mwongozo wao wa Texas, waliwapa nyota wauzaji kadhaa wa babikyu, na wengine kati yao walianzia kwenye magari na trela. Magurudumu hayana aibu yoyote katika chakula hiki.

Mbavu hazihitaji maneno mengi. Watu wengi wanaamini mbavu nzuri ni zile zinazoanguka kutoka kwenye mfupa zenyewe. Majaji wa mashindano ya babikyu huziona hizo zimepita kiasi. Wao wanataka nyama iachie pale ulipouma tu, alama ya meno ibaki. Mteja akisema "ngumu", huwezi kujua ni ngumu kweli au ni hiyo. Kwenu lakini hili ni la pembeni, maana mbavu za trela karibu zote ni za nguruwe.

Gumbo inastahili kusemewa zaidi. Trela ya nyama ya Texas inauza gumbo kwa sababu ya mahali ilipo. Wakejuni ni uzao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Acadia, Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755, na wengi wao wakaishia kwenye vinamasi vya Louisiana. Mafuta ya petroli yalipofumuka Spindletop, karibu na Beaumont, Januari 1901, kazi za visima na viwanda ziliwavuta wengi kuvuka mpaka kuingia Texas. Ukanda huo wa barabara una majiko ya pande mbili toka zamani, na familia nyingi hazioni ajabu kula kidari na gumbo meza moja.

Gumbo ya Kikejuni huanza na unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta, ukikorogwa bila kuacha, mpaka uwe wa rangi ya chokoleti. Kisha huingia kitunguu, seleri na pilipili hoho, halafu supu, kuku na soseji. Kadiri unga unavyokaangwa ndivyo ladha inavyozidi kuwa nzito, lakini moto huohuo huikatakata minyororo ya wanga ambayo ndiyo ingeufanya mchuzi uwe mzito. Unga mweusi una ladha kubwa na uwezo mdogo wa kuufanya mchuzi uwe mzito. Kwa hiyo gumbo nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya karanga zilizokaangwa, ni gumbo ya mpishi anayejua kazi yake. Wengine huongeza bamia, mboga iliyofika huko kutoka Afrika na watu waliouzwa utumwani, kwa ule utelezi ambao mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Wengine humalizia kwa unga wa majani ya sasafrasi, waliojifunza kwa Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile. Mteja aliyezoea supu nzito za makopo ataiita "maji" hata ikiwa safi kabisa.

Kasoro za kweli za gumbo hutajwa kwa maneno mengine. Ukiona mtu ameandika kwamba ilikuwa chungu na ina chembe nyeusi, unga uliungua na mpishi hakuutupa. Akisema ilikuwa nyeupe-nyeupe na ladha ya unga mbichi, aliharakisha. Akisema mafuta yalielea juu yakajitenga, huenda imepashwa mara nyingi. Hayo ni malalamiko ya mtu aliyeonja, mpe uzito. Na jambalaya, ule wali unaopikwa pamoja na nyama sufuria moja, ikija ya kahawia badala ya nyekundu usishangae. Ya Kikejuni kwa kawaida haina nyanya, nyekundu ni ya upande wa New Orleans.

Ile soseji ya wali inaitwa budani. Ni wali, nyama ya nguruwe, mara nyingi na ini, vitunguu na viungo, vimeshindiliwa kwenye utumbo. Kule Louisiana, hasa Scott na Lafayette, watu huinunua kwenye vituo vya mafuta na kuila ndani ya gari: wanauma ncha, wanaminya vilivyomo viingie mdomoni, ngozi wanaitupa. Mteja wenu alijaribu kutafuna kisicholiwa.

Nguruwe ndiye ninayetaka tumzungumze kwa makini, maana kwenye aina hii ya jiko yumo mahali usipomtegemea. Mbali na mbavu na budani, yumo kwenye soseji ya anduwi inayotiwa karibu kila gumbo na jambalaya. Yumo kwenye maharage mekundu, kwenye majani ya kupikwa, wakati mwingine kwenye maharage yasiyoonekana na nyama yoyote, kwa sababu yalichemshwa na mfupa wa nguruwe. Kidari cha ng'ombe hukaa tanuri moja na mbavu hizo, pengine kwenye rafu iliyo chini yake, mafuta yakidondoka. Ubao ni mmoja, kisu ni kimoja. Muuzaji akikujibu "hii ni ng'ombe tupu" anasema kweli kwa ufahamu wake, lakini swali lako lilikuwa pana kuliko hilo. Halafu liko suala la uchinjaji, ambalo hukuliuliza. Nyama ya trela kama hiyo kwa kawaida haikuchinjwa kwa utaratibu wa halali, na wanazuoni wanatofautiana juu ya nyama ya nchi kama hii. Hilo si langu kuamua. Mpigie ustadh wa msikiti wenu, naye mama mkwe aulizwe mwenyewe mapema, asije akakuta sahani mezani akalazimika kuchagua kati ya dini yake na heshima kwa wenyeji.

Turudi kwenye usalama. Bakteria wanaosumbua zaidi nyama na michuzi inayopikwa kwa wingi wanaitwa Clostridium perfringens. Mbegu zao hustahimili kupikwa. Chakula kikibaki cha moto sana hawawezi kitu, kikiwa baridi sana hawawezi kitu, lakini kikikaa vuguvugu wanaamka na kuzaana kwa kasi. Kanuni ya Idara ya Kilimo ni kwamba chakula cha moto kikae nyuzi 60 au zaidi, cha baridi kikae nyuzi 4 au chini, na kisikae katikati ya hapo zaidi ya saa 2, au saa 1 tu ikiwa hewa imezidi nyuzi 32. Mwisho wa Mei huko Houston unajua jua lilivyo. Wali nao una bakteria wake, Bacillus cereus, mwenye tabia hiyohiyo. Ndiyo maana neno "vuguvugu" kwenye maoni ya mteja lilinishtua. Mtu mmoja kuliandika si ushahidi. Anaweza kuwa aliendesha gari dakika 40 ndipo akafungua boksi. Watu watatu au wanne wakiliandika kwa miezi tofauti, hapo pana kabati la joto lisilofanya kazi au mpishi asiyejali, na mimi nisingeagiza.

Na yule aliyeumwa? Simdharau, lakini angalia saa. Wengi humlaumu wa mwisho kuwalisha. Sumu ya stafilokoka huweza kuleta kutapika baada ya nusu saa hadi saa 8. Perfringens huchukua saa 6 hadi 24. Norovirusi, saa 12 hadi 48. Salmonela inaweza kuchukua saa 6 mpaka siku 6. Anayeandika tu "nilikula pale nikaumwa" hajakuambia kitu unachoweza kukitumia. Anayeandika "tulikula watu watano, wanne waliokula gumbo tuliumwa usiku uleule, wa tano aliyekula soseji tu hakuumwa" amekupa kitu kizito. Zaidi ya maoni yote, tafuta matokeo ya ukaguzi wa afya wa trela hiyo. Yawe mtandaoni au kwa simu, una haki ya kuyauliza. Kibali kinatakiwa kiwepo kwenye trela. Kwenye ripoti usihangaike na taa isiyo na kifuniko. Tafuta makosa ya joto la chakula, ya kunawa mikono, ya kupoza chakula kilichobaki. Kosa lililorudiwa ukaguzi hadi ukaguzi ndilo baya.

Kuhusu nyota zenyewe, zina nguvu kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2011 mtafiti wa Harvard, Michael Luca, alionyesha kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, iliongeza mapato ya migahawa huru kwa asilimia 5 hadi 9. Fedha ikiwa hapo, udanganyifu hufuata, na tangu Oktoba 2024 sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza kununua na kuuza maoni ya uongo. Bado yapo. Mimi huyaruka maoni ya maneno matatu, mazuri na mabaya. Nasoma ya nyota tatu na nne, maana mtu wa nyota tatu ana kitu cha kueleza na hana hasira. Nachagua yaliyotaja saa, siku na chakula chenyewe. Nasoma ya miezi sita ya karibuni tu, kwa sababu trela likibadilisha mpishi linakuwa biashara nyingine kwa jina lilelile. Na naangalia picha za wateja, si za mwenye duka.

Kumbuka pia kwamba maoni mengi ya chakula cha kubeba ni maoni ya safari. Kambare wa kukaanga akifungiwa kwenye boksi la plastiki, mvuke wake unalowesha ganda lake kabla hujafika nyumbani. Gamba la brisketi hulainika vilevile. Mpishi hana kosa hapo, ila ni sababu ya wewe kutoagiza vya kukaanga kwa ajili ya sherehe.

Sasa nikikupa maoni yangu: usiagize bado. Mwende wewe na shemeji, siku ya kawaida, saa tano na nusu asubuhi, mnunue kidogo. Mwambie akukatie kipande cha brisketi chenye unene wa penseli, upande wenye mafuta. Kilaze juu ya kidole. Kinatakiwa kining'inie pande zote mbili bila kukatika. Kivute taratibu kwa mikono miwili. Kiachie kwa urahisi, si kwa kupasuka wala kwa kumong'onyoka. Kikimong'onyoka kimepita, kikikataa kuachia hakijafika. Wakati unasubiri, tazama. Kuni ziko wapi, na zimekauka? Anayepokea pesa ndiye anayeshika nyama, na anabadilisha glavu? Nyama inakatwa ukifika, au imelala imekatwa tayari? Kichomeke kipimajoto kwenye gumbo ukiwa bado pale, kabla hujaondoka. Usione haya, chakula chako umekilipia. Ikiwa chini ya 57, ambayo ni kiwango cha chini wanachotakiwa wauzaji kushikilia kwa chakula cha moto, umepata jibu.

Wakifaulu, bado nisingewaachia sherehe nzima. Kwa wageni wasio na masharti ya dini, agizeni brisketi na soseji ya ng'ombe, jumla ratili 8 hadi 10 za nyama iliyoiva kwa watu 20. Kwa Waislamu, Houston ina majiko ya halali yanayopika brisketi kwa kuni, na hiyo kwangu ndiyo njia iliyo safi kuliko zote: ukiagiza yote huko, meza inakuwa moja na hakuna anayeulizwa anakula ipi. Hasara yake ni bei. Brisketi hupungua karibu nusu ya uzito ikisafishwa na kupikwa, na ng'ombe wa Marekani mwanzoni mwa 2025 walikuwa wachache kuliko wakati wowote tangu 1951, kwa hiyo hakuna wa bei rahisi siku hizi, awe wa trela au wa duka. Wali, kachumbari na maharage pikeni nyumbani. Shemeji akisisitiza krofishi, wale kamba wa mtoni, Mei bado msimu upo ila magamba yameanza kuwa magumu, na nyama ni kama asilimia 15 tu ya uzito unaolipia. Watu watakwambia mwenye mkia ulionyooka alikufa kabla ya kuchemshwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana waliochunguza jambo hilo wanasema mkia pekee hauthibitishi hivyo. Harufu na nyama iliyolegea kama uji ndizo za kukataa.

Mama mkwe kwanza ahojiwe kuhusu mzio wa kamba na samaki, na wageni wote pia. Supu ya gumbo inaweza kuwa imechemshwa na maganda ya kamba hata bakuli likiwa la kuku. Anayevimba midomo au kubanwa pumzi, piga 911 papo hapo. Kwa presha yake, fahamu kwamba viungo vya Kikejuni na gamba la brisketi vina chumvi nyingi, na sosi ya babikyu ina sukari nyingi. Mkatie nyama ya ndani, gamba uliondoe, sosi iwe pembeni. Kama anatumia insulini au amebadilishiwa dawa karibuni, azungumze na daktari wake kabla ya safari kuhusu milo mikubwa ya sherehe. Mimi siwezi kumpangia dozi kwa maandishi.

Siku yenyewe, chukueni nyama ikiwa nzima, msikubali ikatwe. Iwekeni kwenye boksi la barafu lisilo na barafu, mkiwa mmelipasha kwa maji ya moto na kulikausha, ifungwe kwa taulo; itakaa moto saa 2 au 3, na kipimajoto kitawaambia. Ikateni wageni wakiwa wameshakaa. Vilivyobaki visilale mezani mpaka wageni waage. Ndani ya saa moja vigawe kwenye vyombo vya kina kifupi na viingie kwenye friji, gumbo hasa, kwa sababu sufuria kubwa katikati yake hubaki vuguvugu usiku kucha hata ikiwa ndani ya friji. Kesho yake pasha mpaka nyuzi 74.

Na akitokea wa kuharisha damu, wa homa iliyozidi nyuzi 38.9, asiyeweza kubakiza hata maji tumboni, au kuharisha kukazidi siku 3, aende hospitali bila kungoja. Mama mkwe kwa umri wake na kisukari chake, pamoja na mjamzito yeyote kati ya wageni, wasisubiri hata dalili hizo zitimie; wapelekwe mapema, kisha ujulishe idara ya afya ya eneo lenu mlikula nini, wapi, na saa ngapi.